Jinsi ya kuufuata msimu mzima wa sanaa pale Nafasi (na vituo vingine vya Dar) bila kupoteza mda wala hela

Mara ya kwanza kwenda kwenye ufunguzi wa maonesho ya sanaa hapa Dar nilikaa masaa matatu, nikala sambusa mbili, nikapiga picha kama arobaini, nikarudi home nimefurahi, kesho yake kazini jamaa ananiuliza kwani mlikuwa mnaangalia nini huko, nikabaki natoa macho. Yaani sikumbuki hata kazi moja. Nakumbuka sambusa.

Toka hapo nimejifunza kidogokidogo namna ya kuufuata msimu wa kituo cha sanaa kama mtu anavyofuata ligi, sio kudandia mechi moja ukasema umeona mpira. Naongelea zaidi Nafasi Art Space ya Mikocheni kwa sababu ndo nimezurura sana, ila mengi yatakufaa hata ukienda vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, Alliance Française au Goethe-Institut kule Upanga, au Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert.

Hatua ya 1: jua kwanza unaenda nyumba ya namna gani

Watu wengi wanafika Nafasi wakitegemea jengo la maana lenye ngazi na viyoyozi, wanakuta makontena. Ndio, makontena ya mizigo, yamegeuzwa studio, wasanii wanafanyia kazi humohumo, mwingine anachomelea vyuma, mwingine anapaka rangi mlango uko wazi. Pameanza mwaka 2008 kwenye eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, barabara ya Eyasi, na hiyo harufu ya karakana haijawahi kutoka. Kuna ukumbi wa maonesho, kuna sehemu ya shoo, kuna mafunzo ya sanaa.

Hii ina maana gani kwako? Ina maana ratiba yao sio maonesho tu. Siku hiyohiyo unaweza kukuta picha ukutani, bendi inafanya saundi cheki nje, na watoto wana karatasi na rangi kwenye kona. Pia ina maana msanii mwenyewe mara nyingi yupo hatua ishirini kutoka kwenye kazi yake, kitu ambacho makumbusho kubwa hazina, na wewe ukija kimyakimya ukaondoka kimyakimya umepoteza nusu ya kilichokuleta.

Hatua ya 2: pata ratiba, halafu isome vizuri

Ratiba za vituo vyetu zinatoka vipandevipande. Usitegemee kitabu cha msimu mzima kama majumba ya Ulaya, ambayo msimu unaanza Septemba unaisha Juni na kila kitu kimeshachapwa. Huku pesa nyingi za sanaa zinatoka kwa wafadhili, mradi ukipita kuna maonesho, mradi ukichelewa maonesho yanasogea. Kwa hiyo fuata kurasa zao za mitandaoni, jiandikishe wakutumie kwa imeili, na ukienda chukua karatasi zile za pale mlangoni. Mimi hupiga picha ubao wao wa matangazo kila nikipita.

Ukishaipata, tenganisha vitu maana maneno yanachanganya watu. Ukiona "ufunguzi" hiyo ni jioni moja ya watu wengi na hotuba fupi (zikiwa fupi), maonesho yenyewe yanabaki wiki kadhaa. Ukiona "mazungumzo na msanii" hiyo ndo dhahabu, chukua. "Studio wazi" ni siku ya kuingia kwenye makontena kuona kazi ambazo hazijaisha. "Residensi" ni msanii amepewa sehemu ya kufanyia kazi kwa mda fulani, mara nyingi ametoka mkoa mwingine au nchi nyingine, na mwishoni huwa anaonesha alichofanya, kitu kidogo tu jioni moja, hakitangazwi sana na mimi ndo navipenda kuliko vyote. Halafu kuna Wikendi Live, usiku wa muziki, hiyo haihitaji maelezo.

Angalia pia jina la kyureta, yaani yule aliyechagua kazi na kuzipanga ukumbini. Baada ya misimu miwili utaanza kujua kyureta gani anakupeleka sehemu nzuri na yupi anakujazia ukuta maneno.

Hatua ya 3: kalenda, na hapa ndo wengi wanafeli

Chukua kalenda ya simu uweke vitu vinne kabla hata hujaweka shoo yoyote.

Mvua kwanza. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Disemba, na shoo nyingi nzuri za Dar zinafanyika nje. Mikocheni maji yakijaa barabarani unaijua mwenyewe. Sio kwamba usiende, ila kwenye miezi hiyo weka vitu vya ndani mbele na shoo za nje uziandikie alama ya kuuliza.

Ramadhani nayo inahama kila mwaka, na mwezi ule muziki na dansi vinapungua sana mjini, ila ukumbi wa picha unakuwa mtulivu mno, unaweza ukawa peke yako humo ndani saa zima. Kama hujawahi, jaribu.

Tatu ni Zanzibar. Tamasha la muziki la Sauti za Busara ni Februari, wameanza 2004, na wiki ile wanamuziki na wapiga picha na mafundi mitambo wengi wanakuwa hukohuko kisiwani, kwa hiyo Dar panakuwa pamepoa kidogo. Bagamoyo nako TaSUBa, kile chuo cha sanaa, wana tamasha lao la kila mwaka, ukiwa unapenda ngoma na maigizo liwekee wikendi nzima, lala hukohuko.

Na ya nne msinicheke, dabi ya Simba na Yanga. Nimeshaenda shoo ya dansi siku ya dabi. Tulikuwa watu tisa, na fundi taa alikuwa na earphone sikio moja. Goli likaingia, taa ikayumba.

Hatua ya 4: chagua vitu vitatu au vinne tu

Usijaze. Mtu akijaza vitu kumi na mbili kwenye kalenda anaenda viwili. Mimi nachagua hivi: kimoja ambacho najua nitakipenda (kwangu lazima kiwe na muziki), kimoja ambacho sikielewi kabisa hata maelezo yake yananitisha, na kimoja cha mazungumzo. Cha nne kikitokea ni bonasi.

Cha kutisha usikiruke. Kazi zilizonibadilisha zote zimetoka kwenye fungu hilo.

Hatua ya 5: saa, jamani, saa

Hii naiandika kwa herufi za moyo. Tangazo linaandikwa kwa Kiingereza 6:00 PM, mtu analitafsiri fasta anaandika "saa 6:00", mwingine anaandika "saa 6 jioni" ambayo haipo duniani. Rafiki yangu alishafika kwenye onesho moja saa sita mchana, jua la Disemba, amevaa amependeza, geti limefungwa, mlinzi anamuangalia tu. Alirudi kwao Tabata, jioni hakwenda tena.

Kwa hiyo ukiona namba ya 6, 7 au 8 kwenye tangazo la usiku, jua ni saa 12, saa 1, saa 2 za kwetu, na kama una wasiwasi piga simu uulize "ni jioni jua likizama au?" Utaonekana mshamba kwa sekunde mbili basi. Siku moja kabla pia tuma meseji kuthibitisha, vitu vinahamishwa na tangazo la zamani linaendelea kuzunguka WhatsApp kama halina wenyewe.

Ufunguzi unachelewa nusu saa mpaka saa nzima, hilo lizoee. Ila dansi na maigizo ya ndani siku hizi wengi wanaanza kwa wakati na mlango wanafunga, hizo fika mapema.

Usafiri: kutoka mjini au Kimara njoo mpaka Mwenge, hapo chukua bajaji njia ya Cocacola, mwambie Nafasi, asipopajua mwambie barabara ya Eyasi kwa wachoraji. Kurudi usiku ndo panga kabla, eneo la viwanda likishafungwa giza ni giza, agiza usafiri kwenye simu ukiwa bado ndani ya geti na chaji ipo. Tukiwa wengi tunachanga gari moja.

Ukiwahi Mwenge una mda, pita kwenye soko la vinyago pale. Tazama wamakonde wanavyochonga, shika mpingo mkononi usikie uzito wake. Halafu ndo uende kwenye maonesho ya kisasa. Utaona vitu viwili hivyo vinaongea, hata kama msanii mwenyewe anakataa.

Hatua ya 6: usiku wa ufunguzi, usiangalie picha

Najua inasikika vibaya. Ila ukumbi umejaa, mtu ana glasi mbele ya kazi, mwingine anapiga selfi, balozi anaongea. Huwezi kuona kitu. Usiku huo fanya mambo mawili tu: zunguka mara moja haraka ujue kazi gani inakuita, na umtafute msanii.

Kumtafuta sio kazi, ni yule anayesalimiwa na kila mtu na hana raha. Usimuulize "hii inamaanisha nini", hilo swali wanalichoka mpaka basi. Muulize amefanyaje. Hii rangi umeipata wapi, mbona hapa pamekwaruzwa, ilichukua siku ngapi, ulianzia kona gani. Hapo mtu anafunguka. Kuna kaka mmoja nilimuuliza mbona kanvasi yake ina mistari ya mshono katikati, akaniambia sio kanvasi, ni magunia ya mkaa aliyoyafumua na kuyashona upya, akayafua mara nne na bado mkono wake ukipita unatoka mweusi. Akanionesha kiganja. Ile picha nilikuwa nimeshaipita.

Hatua ya 7: rudi siku ya kawaida (hii ndo hatua yenyewe)

Jumanne, Jumatano, mchana. Uliza tu saa za kufungua. Nenda peke yako au na mtu mmoja asiyeongea sana.

Anza hivi. Ingia, usisome chochote. Chagua kazi moja, simama, weka simu mfukoni, hesabu dakika tano. Dakika ya kwanza utaona kilichochorwa. Ya pili utaboreka. Ya tatu hivi ndo macho yanaanza kazi, unaona rangi ya chini inayochungulia, unaona msanii alifuta mkono akauhamisha, unaona upande mmoja umeachwa wazi makusudi. Sogea karibu mpaka uone brashi ilivyopita, rudi nyuma mpaka ukutani. Baada ya hapo ndo usome kikaratasi pembeni: jina, mwaka, imetengenezwa na nini, ukubwa. Mstari wa "imetengenezwa na nini" usiupite hata siku moja.

Mfano mzuri ni Tingatinga, ambayo watu tunaichukulia poa kwa sababu iko kila duka la watalii. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 hapahapa Dar, kwenye vibao, kwa rangi ya mafuta ya kawaida ya dukani, ile wanayopaka baiskeli. Ndo maana zinang'aa vile na mistari yake imenyooka vile, rangi ile haichanganyiki kirahisi kama rangi za chuoni. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi, alichora miaka minne tu, na wenzake wakaendelea mpaka leo ushirika wao uko Oysterbay. Kabla msimu haujaanza nenda pale nusu saa, angalia fundi anavyojaza manyoya ya kanga, nukta kwa nukta. Ukirudi Mikocheni jicho lako limeshanolewa.

Au George Lilanga, aliyefariki 2005. Huyu alitoka kwenye uchongaji akaingia kwenye rangi, na mashetani wake wenye masikio makubwa na midomo mikubwa wanacheka wamejazana ukingo mpaka ukingo, hakuna nafasi tupu. Ukijua alianzia kwenye mti unaelewa kwanini watu wake wamebebana vile, ni ujamaa wa mpingo, ile staili ya wamakonde ya kuchonga watu wamebebana, umehamia kwenye picha.

Na ukikuta kanga au vitenge vimening'inizwa ukumbini usiseme "aa hii ni kanga tu". Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 akakulia Uingereza, ametengeneza kazi nyingi kutokana na kanga, picha na maneno yake ya chini, na mwaka 2017 alipata Turner Prize ambayo ni tuzo kubwa kweli kule kwao. Kanga ina pindo, mji na jina, mama yako anajua kuisoma kuliko kyureta. Mchukue mama yako. Sitanii, mimi nilienda na shangazi akanieleza kazi moja vizuri kuliko maandishi yote ya ukutani, mpaka dada wa mapokezi akasogea kusikiliza.

Kama kazi ni video, kaa mpaka irudi mwanzo. Kama ni instalesheni, vitu vimepangwa chumba kizima, tembea ndani yake ila uliza kwanza kama inaruhusiwa kugusa.

Hatua ya 8: shoo

Dansi ya kisasa inawasumbua watu kwa sababu wanatafuta stori. Haipo, au ipo lakini sio ya kuhadithia. Fuata kitu kimoja tu, miguu kwa mfano, au pumzi, nani anamuangalia nani. Dar ina wachezaji wazuri kweli, wengine wametokea shule ya dansi ya Muda Africa, wengine TaSUBa, na wakichanganya sindimba na mambo ya sakafuni kiuno kinabaki kuwa kiuno.

Kaa mbele ikiwezekana chini, uwasikie wanavyohema. Simu zima mwanga, hata ukiwa unarekodi kidogo, mwanga unawaingia machoni gizani. Na kutunza, sisi watu wa taarabu mkono unawasha, shoo ya bendi nje ruksa panda katunze, lakini kwenye dansi ya kisasa usiinuke katikati na noti yako. Nimeona mama mmoja amefanya hivyo. Mchezaji alikuwa amelala chini amefumba macho anaigiza maiti, mama akambandika elfu kumi kwenye paji la uso. Watu waligawanyika hapo, wengine walicheka, mimi mpaka leo naona ndo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote, ila usifanye.

Watoto waleteni kwenye shoo za mchana, wao hawaulizi maana yake nini.

Hatua ya 9: hela

Maonesho ya picha kwenye vituo hivi kwa kawaida hulipi kuingia, shoo za muziki mara nyingine zina kiingilio, uliza wakati unathibitisha saa. Tenga ya usafiri wa kurudi pembeni kabisa usiiguse, halafu ya chakula, inayobaki ndo ya kutafakari.

Ukitaka kununua kazi, usiogope kuuliza bei, hakuna atakayekufukuza. Kidoti chekundu pembeni mwa kazi kwa kawaida ni imeshauzwa. Anza na vidogo, chapa za mbao (picha zinazogongwa kwenye karatasi kwa ubao uliochongwa) au michoro ya karatasi, bei zake zinashikika. Wasanii wengi wanakubali ulipe kwa awamu, sema wazi utamaliza lini na umalize. Kupunguziwa omba mara moja kwa heshima, hapa sio Kariakoo, na ukinunua kwenye ukumbi wa kituo uliza asilimia ngapi inaenda kwa msanii maana ni haki yako kujua. Dai risiti, na karatasi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka na saini yake.

Nyumbani usiitundike inapopigwa na jua wala ukuta unaotoa unyevu. Hewa ya chumvi ya Dar inakula kila kitu. Mimi nilitundika chapa yangu ya kwanza ukuta wa bafuni kwa nje, miezi sita ikaota ukungu kama ramani ya Mafia. Weka vipande vidogo vya mpira nyuma ya fremu hewa ipite, na kazi ya karatasi iwekewe kioo.

Hatua ya 10: msimu ukiisha

Kuna kitabu cha wageni pale mezani, kiandike. Sio "nice work", andika kazi ipi na kitu gani, kwa sababu wanayasoma na wengine wanayapeleka kwa wafadhili. Halafu uliza kama kuna katalogi, yaani kitabu cha kazi za maonesho, huwa wanachapa chache zikiisha zimeisha, na kama yule msanii wa residensi bado yupo muombe namba ya studio anakohamia. Wa kwangu wa magunia alihamia banda la mjomba wake Mbagala, ukienda piga hodi kwa nguvu maana anasikiliza singeli huku anafua magunia.